Ami wa Kuazima

Mji huu unajua kutumia watu. Kuli hutumiwa mpaka mgongo unapinda, kisha huambiwa apishe njia. Mimi nilikuwa kuli bandarini, nasema ninalolijua. Lakini kuli angalau hakuna aliyemdanganya kuwa ni mtu mkubwa. Msanii hudanganywa. Hupigiwa makofi, huitwa mbele, huvishwa koja la maua ya karatasi, halafu huachwa arudi kwake kwa miguu na koja lake shingoni.

Masoud Jaku amerudi kwa miguu umri wake wote. Anakaa Kiponda, orofa ya pili ya nyumba ya zamani ambayo nusu ya roshani yake imeshaanguka. Waliokuwa wakiishi humo wamehamia Chukwani na Mbweni, na chini pamefunguliwa duka la kuwauzia watalii picha za milango ya kuchonga. Milango yenyewe ya nyumba hiyo ilishauzwa zamani.

Alianza na jukwaa. Miaka ya sabini kikundi chao cha michezo ya kuigiza kilikuwa kikipakiwa kwenye lori na kupelekwa Dunga, Mkokotoni, Makunduchi, wakicheza kwenye viwanja vya skuli kwa taa za karabai. Mara ya kwanza mimi kumwona alikuwa mfalme kipofu. Mchezo ulipokwisha, wanawake wawili wa shamba walipanda wakamshika mkono kumteremsha, asije akaanguka. Viongozi wa kikundi kile baadaye walipewa vyeo na nyumba. Masoud alipewa safari nyengine ya lori.

Halafu redio. Miaka ya thamanini stesheni moja ya mjini ilikuwa na mchezo uliokwenda miaka, kila siku ya kazi baada ya adhuhuri, wakati wanawake wako jikoni na wanaume wamelala. Masoud alikuwa Ami Feruzi, ndugu wa baba marehemu, mlezi wa mayatima, anayeila mali yao kidogo kidogo: leo mikarafuu, kesho nyumba, keshokutwa mikufu ya mama yao. Mwengine angelimcheza Feruzi kwa kunguruma. Masoud alimcheza kwa upole. Alisema "mwanangu" kwa sauti ya chini, yenye joto, sauti ya mtu anayekufunika shuka huku anakuibia mto. Ndiyo maana walimchukia vile. Darajani muuza mchicha alimpokonya mafungu aliyokwisha kumtilia kapuni, akamwambia, "Kale mali ya mayatima wako, ndiyo uliyoizoea." Masoud akisimulia haya hucheka. Mke wake wa kwanza hakucheka. Alichoka kuitwa mke wa Feruzi, akataka talaka, akapewa. Wa pili, Bi Shemsa, alimvumilia mpaka mauti yakamchukua. Mtoto hawakujaaliwa.

Na michezo yenyewe haipo. Nilikwenda stesheni kuiulizia mimi, kwa sababu Masoud angelikufa kabla ya kwenda kuuliza. Kijana mmoja mwenye shati la pasi aliniambia kwamba zama zile kanda zilikuwa adimu, kwa hiyo zilifutwa zikarikodiwa mambo mengine. Mambo gani? Hotuba. Juu ya sauti ya Masoud walirikodi hotuba. Nikamwomba anitajie moja anayoikumbuka. Akaniambia, "Mzee, nnataka kufunga ofisi."

Sinema nayo ilimpitia. Wageni walikuja kupiga filamu Mji Mkongwe, wakamsimamisha mlangoni aseme maneno machache ya babu anayemuaga mjukuu. Aliyasema mpaka mpiga picha akafuta macho. Filamu ilipokuja kuonyeshwa, mdomo ulikuwa wa Masoud na sauti ilikuwa ya mtu mwengine. Wameona ya kwake nzito, watazamaji wa mbali hawataifahamu. Kiswahili cha Kiunguja, ambacho dunia nzima inafundishwa skuli, kizito. Siku ile nilisema maneno ambayo sitayaandika hapa. Masoud aliniambia, "Yakhe, lakini uso umeonekana."

Upweke wake niliujua siku moja nilipopanda ngazi taratibu kwa sababu ya goti. Nilimkuta amekaa mbele ya redio ndogo. Msomaji wa habari akasema assalaam alaykum, na Masoud akamjibu, waalaykum salaam, kwa utulivu, kama unavyomjibu mtu aliyeingia chumbani. Aliponiona akajikohoza.

Basi mambo yakabadilika alipokuja Yussuf. Yussuf alikuwa fundi wa viyoyozi, anazunguka kwenye mahoteli, mtu mzima wa miaka thelathini na ushei, mtulivu, mwenye mikono mikubwa. Alikodi chumba cha pili, ukuta mmoja na Masoud. Kila jioni, akiwa bado chini ngazini, alipaza sauti: "Mzee, nshakuja." Basi. Maneno mawili. Masoud alikuwa akiteleka chai mapema ili maneno hayo yamkute birika inachemka. Siku Yussuf akichelewa, mimi nilijua kwa kuitazama chai, imekuwa nyeusi kama lami.

Siku moja kijana alikuja na uso mwengine. Tulikuwa tumekaa sisi wawili, akaketi kizingitini, akawa anavua soksi pole pole.

"Baba yake Hamda kanikamata njiani," alisema. "Kasema asinione tena nnasimama na mwanawe mpaka wazee wangu wende wakamtake."

"Kasema haki," Masoud alimjibu. "Wapeleke."

"Nimpeleke nani? Mama hayupo. Baba nilimzika sijaota meno ya pili. Bibi aliyenilea hapa mjini naye keshatangulia."

"Na yule ami yako wa Makunduchi? Machano?" niliuliza mimi, ingawa nilijua jibu.

"Huyo bora nende na jiwe."

Habari ya Machano naikumbuka, hata kama Makunduchi wameamua kuisahau. Baba yake Yussuf aliacha kiwanja cha pwani, minazi mpaka kwenye mawe. Machano alisimama mlezi. Mtoto alipofika umri wa kuuliza, kiwanja kilikuwa na ukuta, na ndani ya ukuta hoteli, na mlangoni askari anayemuuliza Yussuf anamtaka nani. Kijana amewahi kuingia mara moja tu, kutengeneza kiyoyozi.

"Nimefikiri hivi," Yussuf akasema, akimtazama Masoud na huku anaogopa kumtazama. "Nendeni nyinyi. Wewe uwe ami yangu. Mzee Bakar huyu awe sahibu wa baba."

"Hiyo si posa," nikasema. "Huo mchezo."

"Si ndo kazi yake?"

Tukacheka. Masoud hakucheka. Yussuf akaacha soksi, akamwambia, "Mzee Masoud, wallahi simaanishi kwa siku moja. Ukishasimama ami, ushakuwa ami. Sikuvui. Harusini utakaa wewe mbele. Watoto wakija watakwita babu, na nikihama utahama na sisi. Mie nna nani mwengine?"

Masoud alikishika kikombe kwa mikono miwili. Alikuwa ameshapewa vyeti, mikoba ya makongamano, na saa moja ya ukutani iliyokataa kwenda. Jambo kama hili hakuwahi kupewa na mtu. Nilimwona akilihofia, kama mtu aliyepewa mtoto mchanga ambebe.

"Huyu ami," alisema mwishowe, "ni mtu wa namna gani?"

Ndivyo alivyofanya kazi siku zote. Hakuanza na maneno, alianza na mtu. Ami anavaa kofia ya kiua au nyeupe? Kalelewa shamba au mjini? Akikaa kitako anakunja mguu upi? Kwa nini kijana kakaa kwa bibi na si kwake? Kwa swali hilo alijitungia maradhi ya zamani ya kifua, ami mgonjwa asiyeweza kulea. Tulifanya mazoezi chumbani, mimi nikiwa baba wa msichana, na kila nilipomkubalia upesi alinikatiza: "Bakar, usinihurumie. Nikatae kidogo."

Kiunguja cha posa kina mapambo yake, na vijana wa sasa hawayajui, wanasoma kwenye simu. Masoud aliyajua yote na akayachuja. "Hatutosema tumeona ua," alisema. "Kila mtu ameona ua. Tutasema tumekuja kutaka ujamaa, basi, halafu tunyamaze wapate kutuogopa."

Tulipanga kila kitu sisi wanaume watatu. Hatukupanga pazia.

Nyumba ya Bwana Anuar, baba yake Hamda, iko Chukwani, nyumba safi, mwenyewe anauza vipuri vya magari. Yussuf alitukodia gari, yeye akabaki mjini kama ada inavyotaka. Tulipokewa vizuri. Wanaume watatu wanne wa ukoo wamekaa, kahawa, halwa, udi unafuka, na mbele yetu mlango wa kuendea ndani umeshushwa pazia la kijani. Nyuma ya pazia wanawake. Ndiyo desturi. Wao hawatuoni na sisi hatuwaoni, lakini neno linalosemwa sebuleni linasemwa kwao, na anayedhani posa hukubaliwa na waliokaa sebuleni hajaoa.

Masoud alianza. Sijapata kumwona vile tangu ule usiku wa mfalme kipofu. Alikuwa ami kutoka unyayoni, na kifua kibovu alichojitungia kilimkatiza pumzi mahali panapohusika. Bwana Anuar aliinamisha kichwa kwa heshima. Yalikwenda mpaka nikasahau kuwa nami ninacheza.

Halafu Bwana Anuar, mtu mwema, akauliza jambo ambalo hatukulifanyia mazoezi.

"Ami, nimekusikia. Lakini nisamehe, ukoo nimeshauelewa, mtu bado. Mimi kijana huyu simjui. Wewe unayekaa naye, niambie ni mtu gani."

Masoud aliinamia kikombe chake. Nilidhani anatafuta maneno ya ami. Kumbe alimweka ami pembeni.

"Mwanangu huyu," alisema, na sauti ikashuka, "akirudi kazini huniita tangu chini ngazini. Hana haja ya kuniita, angelipanda tu. Ananiita ili nijue kuwa kuna mtu anakuja. Mwanangu huyu, mwaka uliopita nilipata homa, alilala sakafuni kwangu, asubuhi akenda kazini hajafumba jicho, wala hakuniambia. Sina la kukwambia zaidi, Bwana Anuar. Mimi nilikuwa sina mtu."

Kila neno lilikuwa kweli. Na kwa sababu lilikuwa kweli, lilitoka kwa ile sauti ya chini, yenye joto, ya kufunika shuka. Masoud ana sauti kumi za kuogopesha na kuchekesha. Ya mapenzi anayo moja tu, na aliwahi kumpa Feruzi.

Ndani sinia ililia kwenye sakafu. Kisha vikombe vikaacha kugongana.

"Anuar," sauti ya mwanamke mzima ilisema nyuma ya pazia.

"Naam, mama."

"Mwambie mgeni wako arudie."

"Arudie nini, mama?"

"Hilo neno lake. La mwanangu."

Nilimtazama Masoud, naye ameshajua. Damu ilikuwa imemtoka usoni. Angeliweza kujiokoa. Angelikohoa, angelichukua sauti ya mzee wa shamba mwenye meno mabovu, na yule mama angelijilaumu kwa uzee wa masikio yake. Nilimwona akiifikiria. Alivuta pumzi, akalitazama pazia.

"Mwanangu," alisema. Ile ile.

"Feruzi," ikajibu pazia.

Wanawake wakaguna wote pamoja, na mmoja akasema, "Yee, ndiye."

"Feruzi nani?" Bwana Anuar akauliza, akitutazama mmoja mmoja.

"Wewe ulikuwa umelala," mama yake akamwambia. "Nyinyi nyote mlikuwa mmelala."

Akavuta pazia akatoka. Bi Rukaiya ni mwembamba, mrefu, kajitanda kanga mbili, hatembelei fimbo. Sote tukainuka kidogo. Hakumtazama mwengine ila Masoud, akamtazama kama mtu anayetafuta kitu na hakioni, kwa sababu uso ule hakuwahi kuuona.

"Shikamoo, Bi," nikasema mimi.

"Marahaba," akajibu, bila ya kunigeukia. "Wewe ndiwe uliyekuwa ukicheza redioni."

"Ndiye mimi, Bi," Masoud alisema.

"Na kijana ni yatima."

"Ni yatima."

"Na wewe ni ami yake?"

Hapo pia angeliweza. Mazoezi yote yalikuwapo kinywani mwake.

"Hapana, Bi. Mimi si ami yake. Tunakaa ukuta mmoja."

Bwana Anuar aliweka kikombe chini. "Mmeingia nyumbani kwangu na uongo? Katika jambo la nasaba?" Wale wa ukoo wakaanza kunong'ona. Mimi nikakohoa, nimeshafungua mdomo nimweleze habari ya Machano na kiwanja na ukuta, niwaulize uongo mkubwa ni upi katika kisiwa hiki, lakini Masoud aliniwekea mkono gotini. Mkono ulikuwa mzito.

"Kijana hana kosa," alisema. "Hana mtu, kaazima. Mwenye kosa ni mimi niliyekubali."

"Kaa, Anuar," akasema Bi Rukaiya. "Asiye na nguo huazima, na hakuna anayeazima kwa kupenda. Hamda keshanambia habari za huyo kijana, na mie nimeshauliza kwa watu wangu. Kijana namtaka." Akamgeukia tena Masoud. "Lakini si kwa mkono wako."

"Bi, ule ulikuwa mchezo."

"Nnajua ulikuwa mchezo, mie si mjinga. Akili inajua. Sikio halijui." Alijifunga kanga vizuri. "Huyu Anuar alikuwa mdogo, baba yake kafa, tunakaa Mbweni. Shemeji yangu akawa anakuja, anakaa kama ulivyokaa wewe, anamwita huyu mwanangu, anataka nitie kidole kwenye karatasi ili atusimamie. Na mie nilikuwa nshakubali. Mtu mpole, nisimwamini kwa nini? Basi adhuhuri ile nnapika, nikakusikia. Maneno yale yale. Upole ule ule. Nilimwaga mchuzi. Alipokuja jioni nikamwambia sitii kidole, na sikutia, na watu wakanitukana mji mzima. Kwa hivyo nyumba hii unayoiona imetokana na wewe. Nakushukuru. Mungu akulipe."

Masoud aliinua uso.

"Lakini kila adhuhuri miaka ile nilikuwa nikisikia sauti yako natetemeka mikono," aliendelea yule mama, na sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo, "na leo imetetemeka. Nisamehe, mwana wa watu. Sitaki kuisikia tena nyumbani mwangu. Kijana alete mtu mmoja wa damu yake, hata mmoja, aseme yeye. Harusi tutafanya."

Akarudi ndani. Pazia likashuka.

Njiani kurudi Masoud aliitazama njia mpaka tukafika karibu na mjini. Halafu akaniuliza, "Umesikia alivyosema?"

"Nimesikia."

"Kamwaga mchuzi."

"Nimesikia, yakhe."

"Hakuna aliyewahi kunambia." Alikuwa anatabasamu, na nilitamani asitabasamu.

Nilimuuliza kwa nini hakubadilisha sauti alipotakiwa arudie. "Kwanza niliona ningelikuwa nadanganya," alisema. "Halafu sijui. Labda nilitaka anijue."

Yussuf tulimkuta ngazini. Alilia kwa furaha, kisha akalia kwa aibu, kisha akasema hamtaki huyo Hamda ikiwa wanamfukuza mzee wake. Maneno ya kijana. Masoud ndiye aliyemkalisha akamwambia, "Nenda Makunduchi kesho. Kamwangukie Machano."

"Nimwangukie yule?"

"Mwangukie. Ni mara moja tu."

Machano alikuja, na kwa nini asije? Harusi inampandisha mtu. Alikuja na gari lake, tumbo mbele, kanzu ya Maskati, pete kidoleni, akamkumbatia Yussuf kama vile hapajapita kitu baina yao, si ukuta wala askari. Lakini kusema hakujua. Mtu aliyezoea kuuza vya wenzake hana haja ya lugha. Yussuf, macho chini, akamwomba Masoud amfundishe maneno.

Nilikuwapo. Nimeona mengi yanayotia hasira, na baadhi yake yalinitia jela, lakini lile limeyapita yote. Chumba kile kile, birika ile ile, Masoud amekaa kwenye kiti na mwizi kasimama mbele yake.

"Tumekuja kutaka ujamaa," Machano akanguruma.

"Sawa. Lakini sasa huwauzii samaki. Punguza."

"Tumekuja kutaka ujamaa."

"Sasa mtaje kijana."

"Huyu Yussuf, mwana wa ndugu yangu..."

"Sema mwanangu."

"Mwanangu," alisema Machano, kama anayetema kokwa.

"Si hivyo." Masoud aliinuka, akamsogelea, akamwekea kiganja kifuani. "Iteremshe mpaka hapa. Mfikirie akiwa mdogo. Kalala, usiku kuna baridi, na huna cha kumfunika ila nguo uliyovaa. Sasa sema."

Machano alijaribu, akajaribu tena, na kila mara Masoud alimsemea kwanza, kwa ile sauti, mpaka Yussuf aliyekaa kizingitini akainuka akashuka chini. Mimi nilibaki. Nilitaka mtu awepo wa kuyakumbuka.

"Unajua unamfundisha nani?" nilimuuliza Machano alipoondoka.

"Namjua."

"Na yule bibi akimsikia atakuwa radhi. Damu, anasema. Huyu aliyekula kweli atakaa mbele, na wewe uliyekula kwa maneno ukae nje."

"Bakar," alisema, "ukisema neno moja Chukwani, kijana hapati mke. Ukitaka kunisaidia, nyamaza. Najua kwako ni kazi."

Nikanyamaza. Tangu nizaliwe sijafanya kazi nzito kama hiyo, na nimebeba magunia ya karafuu.

Posa ikakubaliwa. Bi Rukaiya, nilivyosikia, alisema yule ami wa Makunduchi ana ukali wa shamba lakini anaonekana ana huruma.

Siku ya nikaha ilipokaribia Yussuf alipanda juu na kanzu mpya mkononi, ya Masoud. Aliiweka kitandani akaipapasa ikae sawa, ingawa ilikuwa imekaa sawa.

"Mzee, lazima uje," alisema. "Nikaha ni uani kwao, si msikitini. Watu wengi. Hutoonekana." Akaipapasa tena kanzu. "Ila bibi atakuwa baraza ya ndani, dirisha li wazi. Ukiweza... usiseme kitu."

"Nisiseme kitu," Masoud alirudia.

"Siku hiyo tu."

"Haina neno, mwanangu. Hata sisi jukwaani tulikuwa na watu wa kusimama tu. Ni kazi ngumu, watu hawajui."

Tukenda. Chini ya turubai palikuwa na mikeka na watu wa Chukwani na wa Makunduchi waliojaa. Machano alikaa mbele, bega kwa bega na Bwana Anuar, anapepewa. Sisi tulikaa nyuma, karibu na viatu. Kila aliyepita alimpa Masoud mkono, naye aliupokea, akauweka wake kifuani na kuinamisha kichwa, na mimi nikasema, "Koo linamuuma, mwieni radhi." Nilisema hivyo mara nyingi mpaka mmoja akamletea maji ya moto.

Kadhi aliuliza, Yussuf akajibu kabuli, watu wakaitikia. Ilipofika dua mikono ikainuliwa yote, na uani pakawa na amina moja kubwa. Nilitega sikio upande wangu wa kulia, alipokaa Masoud. Midomo yake ilikuwa inakwenda. Hapakutoka hata pumzi.

Yussuf alipoinuka kupelekwa ndani kwa mkewe, Machano alimshika mkono, kwa sababu ni wa kushikwa na mzee wake. Walipita karibu nasi. Kijana alisimama, akamtazama Masoud, akawa kama anayesubiri. Masoud alifungua mdomo. Dirisha la baraza lilikuwa hatua chache tu. Akaufunga, akamwashiria kwa kidevu, nenda. Machano akamvuta mkono, wakaenda, na vigelegele vikaanza.

Yussuf sasa anakaa Chukwani, chumba cha uani kwa mkwewe. Ile ahadi ya kuhama pamoja hakuna aliyeitaja tena, na mimi simlaumu; mtu hawezi kumpeleka ami yake mahali ambapo ami huyo hawezi kusema. Hupiga simu siku za Ijumaa. Chumba chake cha Kiponda mwenye duka amekifanya ghala ya picha zake.

Lakini nilitaka kusema habari ya siku ile ya nikaha. Hatukungoja biriani. Tuliondoka kwa miguu kutafuta gari barabara kuu, njia ya mchanga, nyumba zimeisha, upande mmoja michungwa na upande mwengine ukuta wa mtu. Tulikuwa peke yetu. Nilingoja aseme, alaani, alie, lolote. Nilikuwa na maneno ya kutosha watu wawili na nilitaka tu aanze yeye.

"Yakhe," nilimwambia, "tumeshatoka. Sasa hakuna anayekusikia. Sema."

Alisimama, akafikiri. Alinitazama kama ninayemuuliza jambo gumu. Kisha akatikisa kichwa, akainua pindo la kanzu mpya isiingie mchanga, tukaendelea kwenda.